Mayai viza

Bibi yangu mzaa mama hakuwa na saa wala kalenda, lakini siku ya kumi ya kuku kuatamia hakuikosea hata mara moja. Jioni hiyo alimwinua tetea taratibu kutoka kwenye kiota chake nyuma ya ghala, akatoa mayai moja moja na kuyapitisha mbele ya kibatari huku akiyakinga kwa kiganja. Kazi yangu ilikuwa kushika kibatari kisitikisike. Yai lenye uhai lilikuwa na doa jeusi na mishipa iliyotawanyika kama mizizi ya mche. Yai viza lilikuwa tupu, au lina uchafu unaochezacheza ndani. Viza aliziweka pembeni, kesho yake zikatupwa mbali na nyumba, nami nikaonywa nisizichezee, maana ikipasuka moja tu nguo zote za wiki zitakuwa zimekwisha.

Mwaka mmoja, nadhani nilikuwa darasa la tatu, viza zilizidi. Watetea walikuwa wale wale, kiota kile kile, lakini katika mayai kumi na mawili tukawa tunapata vifaranga wanne, mara nyingine watatu, mara nyingine wawili, na hao wawili wenyewe wanasinzia juani. Babu alilaumu joto. Mjomba alilaumu kideri, ingawa hakuna kuku aliyekuwa amekufa. Bibi hakulaumu kitu. Alimkamata jogoo wetu, mwekundu, mkia unang'aa kijani, jogoo wa kujivunia kabisa, akamfunga miguu kwa kamba ya katani na kuniambia, "Twende."

Tulitembea asubuhi nzima hadi kwa dada yake, kijiji cha ng'ambo ya kilima, tukamwacha jogoo wetu huko na kurudi na wa kwao: mweusi, mwembamba, jicho moja bovu. Nilimchukia tangu njiani. Nikamuuliza bibi, kwa nini tunatoa jogoo mzuri na kuchukua huyu?

"Yule ni baba wa watetea wote pale nyumbani," alisema, "tena ndiye mume wao. Mayai yamechoka."

Miaka mingi baadaye nilikaa chuoni nikisikiliza mhadhara wa saa mbili kuhusu jambo hilo hilo, ubao umejaa herufi na mishale, na nikawa najiuliza mhadhiri atafika lini kwenye yale maneno mawili.

*

Siku hizi kazi yangu ni ndege wa nyasi. Nasema "wa nyasi" kwa maana ya wale wanaotaga na kulea chini, kwenye majani, au hatua chache juu yake: kwale, tombo, tandawala, vipozamataza na vidogo vingine ambavyo wengi wetu tunaviita tu "ndege wadogo wa porini." Natembea nyanda za Kongwa na Chamwino nikiwa na daftari, darubini na nyavu. Mama huwaambia majirani kwamba nafanya kazi "maliasili," na kwa sababu hiyo kila nikirudi nyumbani kuna kijana analetwa na vyeti vyake ili nimtafutie nafasi ya uaskari wa wanyamapori. Nimeacha kueleza.

Lakini shule yangu ya kwanza ya ndege haikuwa chuo. Ilikuwa dungu la babu, katikati ya shamba la mtama. Aliyekulia Ugogo anajua ninachosema. Mtama ukianza kutia maziwa, kila nyumba inatoa mtu wa kuamia ndege, na mtu huyo kwa kawaida ni mtoto. Unapanda dunguni kabla jua halijatoka, una kombeo, una debe lenye mawe, una koo lako. Unashuka giza linapoingia. Mwalimu anajua kwa nini hukuja shule, haulizi.

Adui ni kwelea. Wataalamu wanamhesabu kuwa ndiye ndege wa porini mwenye idadi kubwa kuliko wote duniani. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni ndege wapatao bilioni 1.5. Ukiwa dunguni huhitaji makadirio. Unaona moshi upande wa mashariki, moshi unageuka, unajikunja, unashuka, na ghafla masuke yote yameinama. Ndege mmoja anakula punje za uzito wa gramu 10 hivi kwa siku, ukubwa wa kijiko kimoja kisichojaa. Kundi la milioni moja, ambalo kwa kwelea ni kundi la kawaida tu, linamaliza tani 10 kwa siku. Piga hesabu hiyo kwa ekari tatu za mtama na watoto sita.

Dunguni ndiko nilikojifunza kuhesabu ndege. Unahesabu kumi, unaona kumi inachukua nafasi gani hewani, unaipima kwa kidole, kisha unaona vidole vingapi vimeingia kwenye wingu. Tulifanya hivyo kwa majigambo, kila mtu akitaka kundi lililoshambulia shamba lake liwe kubwa zaidi. Nilipofika mafunzo ya uwandani nikakuta watafiti wanatumia njia ile ile, ila wao hawapigi debe.

Na dunguni ndiko nilikoona ndege ya serikali ikija jioni kumwagia sumu mahali kwelea wanapolala. Inaitwa fenthion, inayotumika kwa kwelea sehemu nyingi za Afrika. Inafanya kazi, sibishi. Lakini haichagui. Bundi na mwewe waliokula kwelea wenye sumu nao hufa, na nakumbuka bundi mmoja chini ya mgunga, mbawa zimetandazwa kama mtu aliyeanguka kutoka kwenye ngazi. Kule Kondoa watu wana njia ya zamani zaidi: wanawatega kwelea kwa wingi, wanawala na kuwauza. Ni watamu, nisidanganye.

Nayasema haya kwa sababu msomaji wa mjini akisikia "mhifadhi wa ndege" anawaza mtu anayewapenda ndege wote. Mimi kuna ndege nimewarushia mawe tangu nina miaka saba, na mtama ukitia maziwa mwaka huu nitawarushia tena.

*

Sehemu ya kazi yangu inayoleta maneno ni damu.

Tunatandika wavu mwembamba alfajiri, kabla upepo wa Dodoma haujaamka, maana ukiamka wavu unakuwa tanga la jahazi na ndege wanauona. Aliyenaswa anatolewa upesi, anawekwa kwenye mfuko wa pamba, anapimwa ubawa na mguu, anapimwa uzito, anavishwa pete yenye namba. Kisha sindano ndogo kwenye mshipa wa chini ya ubawa, tone moja, na anaachiwa. Tone hilo linaingia kwenye kichupa chenye spiriti kali. Ndege wana jambo moja linalomrahisishia kazi mtu wa vinasaba: chembe nyekundu za damu yao zina kiini ndani yake, zetu hazina. Kwa hiyo damu kidogo sana ya ndege inatosha kusoma ukoo wake.

Sasa jaribu kueleza hilo kwenye mkutano wa kijiji.

Kabla ya kutandika wavu popote lazima nipite kwa mtendaji na mwenyekiti, nina barua ya wilaya, nina kibali cha utafiti, na bado naomba niitiwe mkutano. Wenzangu wa vyuo vya mbali huona napoteza siku. Mwaka 2016, katika kijiji kimoja cha wilaya ya Chamwino, watafiti wawili na dereva wao waliokuja kwa ajili ya sampuli za udongo waliuawa na watu waliodhani ni wanyonya damu. Udongo tu. Mimi nachukua damu yenyewe. Mtu akisimama Dodoma kuniuliza damu inakwenda wapi, hiyo si ujinga, ni swali, na linastahili kujibiwa na mtu aliyekaa chini, siyo aliyeegemea gari.

Mkutano ninaoukumbuka zaidi ulikuwa chini ya mbuyu, watu kama arobaini. Nikasalimu, "Mbukwenyi," wakaitikia vizuri, kisha kimya. Mzee mmoja akaondoa kofia.

"Binti, wewe damu ya ndege unaitafutia nini?"

Nikaanza na vinasaba. Nikaona macho yanahama, mmoja anatazama mbuzi, mwingine simu. Nikaacha. Nikaanza upya na jogoo wa bibi, mwekundu, mkia wa kijani, na yule wa jicho moja. Nilipofika kwenye "baba wa watetea wote, tena mume wao," akina mama walishaanza kucheka, wanajua hadithi inakokwenda.

"Kumbe unakagua kama wameoana ndugu!" akasema mmoja.

"Ndiyo, mama. Kazi yote ndiyo hiyo."

"Na ukikuta wameoana," akauliza yule mzee, uso mkavu kabisa, "utawapeleka baraza la usuluhishi?"

Nilipewa kibali cha kijiji siku ile ile, na vijana wawili wa kunionyesha viota.

*

Habari iliyonitia kwenye mambo haya haikutokea Afrika. Ilitokea Illinois, Marekani, na inamhusu ndege wa ukoo wa kwale, mkubwa kama kuku, anayeitwa huko kuku wa prairi. Prairi ni nyanda za majani marefu za katikati ya Marekani. Madume wa ndege huyu hukusanyika alfajiri kwenye uwanja wao wa siku zote, wanajaza hewa mifuko ya rangi ya chungwa shingoni, wanapiga miguu chini na kuvuma. Majike yanakuja, yanatazama, yanachagua. Madume wachache ndio wanaopata karibu majike yote. Shika jambo hilo, tutalirudia.

Karne ya 19 Illinois ilikuwa na mamilioni ya ndege hawa. Halafu likaja jembe. Udongo wa prairi ulikuwa mzito, unanata kwenye majembe ya chuma cha kawaida, hadi mwaka 1837 mhunzi wa huko huko Illinois, John Deere, alipotengeneza jembe la chuma cha pua laini ambalo udongo haukuganda. Ndiyo, John Deere yule wa matrekta ya kijani. Ndani ya miongo michache prairi ikawa mahindi, na leo haijabaki hata asilimia 1 ya majani ya asili ya jimbo hilo. Mwaka 1962 kuku wa prairi wa Illinois walikuwa wamebaki kama 2,000. Mwaka 1994 hawakufika 50.

Hapa ndipo hadithi inapoacha kuwa ile ya kila siku ya shamba kumeza pori. Katika miaka hiyo watu walikuwa wanajitahidi. Ardhi ilinunuliwa kwa ajili ya ndege hawa, majani yakatunzwa, wanyama wanaokula mayai wakadhibitiwa. Kila kitu ambacho mhifadhi anashauri kilifanyika, na ndege wakaendelea kupungua. Bahati nzuri kulikuwa na watu waliofanya kazi isiyo na sifa yoyote: kwa zaidi ya miaka 30 walitafuta viota na kuandika ni mayai mangapi yameanguliwa. Mwanzoni zaidi ya asilimia 90 yalianguliwa. Kufika mwaka 1990 yalikuwa chini ya asilimia 40.

Nilisoma sentensi hiyo maktaba, jioni, umeme umekatika nikiwa namulika kwa simu, na nakuambia kweli nilisikia harufu ya mafuta ya taa.

Wakaenda makumbusho, wakachukua vinasaba vya ndege wa Illinois waliohifadhiwa tangu miaka ya 1930, wakalinganisha na waliobaki. Wale wa zamani walikuwa na aina za vinasaba ambazo wapya hawakuwa nazo tena. Zimepotea. Na ukumbuke ule uwanja wa kuvumia: ukiwa na madume ishirini na majike yanamchagua mmoja au wawili, daftari lako linaandika madume ishirini, lakini ukoo unaandika wawili. Kizazi kimoja, viwili, vitatu, na wote waliobaki ni watoto wa baba wale wale.

Kuanzia mwaka 1992 wakaleta ndege kutoka Minnesota, Kansas na Nebraska, 271 kwa jumla katika miaka michache. Mayai yakaanza tena kuanguliwa.

Walibadilisha jogoo. Iliwachukua miaka 30, makumbusho, maabara na makala katika jarida kubwa la sayansi, na sisemi hivyo kuwakejeli. Bila zile rekodi za mayai hakuna ambaye angeamini. Bibi naye alikuwa na rekodi zake, ila alizishika kichwani na akafa nazo.

Nimalizie habari ya Illinois kwa uaminifu: jogoo mpya hakuleta shamba jipya. Majani yalibaki vipande vidogo katikati ya mahindi na soya, idadi ikayumba tena, na mwaka 2014 ikabidi ndege wengine wasafirishwe kutoka Kansas. Damu ngeni inafufua mayai. Haimpi kifaranga mahali pa kujificha.

*

Turudi nyumbani, kwenye neno moja linalonikera. Mbuga. Siku hizi ukisema mbuga kila mtu anaona simba, geti na watalii. Lakini wazee wa kanda ya kati wakisema mbuga wanamaanisha bonde la udongo mweusi wa mfinyanzi, linalojaa maji masika, linalopasuka kiangazi, lenye majani na miti ya kuhesabu. Wataalamu wa udongo bado wanalitumia kwa maana hiyo. Sisi wengine tulilihamishia kwenye hifadhi za taifa, na mbuga yenyewe ikabaki bila jina. Tunaiita "eneo la wazi," na eneo la wazi maana yake ni kiwanja ambacho hakijapata mtu.

Mbuga za Bahi zinalimwa mpunga. Ni mpunga mzuri, naula. Nyanda za kuzunguka jiji zimepigwa vigingi tangu serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa vitendo mwaka 2016. Ukipita Ihumwa kuelekea Mtumba unaona wapi tombo walikuwa wanalia, sasa ni lami na taa. Sina kinyongo na makao makuu. Ndugu zangu wamepata kazi humo. Nasema tu kilichokuwapo.

Kongwa ndiyo inayonichanganya zaidi. Kila mtoto wa hapa anafundishwa Mpango wa Karanga: baada ya vita kuu Uingereza ilikosa mafuta ya kula, ikaja mwaka 1947 na matrekta, mengine yametengenezwa kutokana na vifaru vya vita, ikang'oa pori ili kulima karanga. Mvua haikuja kama ilivyoandikwa kwenye makaratasi, udongo ukikauka ukawa mgumu kama sakafu, na mwaka 1951 wakafunga. Zaidi ya pauni milioni 36 zilikwisha. Shuleni tulicheka sana: wazungu hawakumuuliza Mgogo kuhusu mvua!

Lakini sehemu ya ardhi ile iliyosafishwa ikawa ranchi ya ng'ombe. Ranchi inahitaji majani. Kwa hiyo baadhi ya nyasi ninazotembea nikihesabu kwale zipo wazi leo kwa sababu karanga zilishindikana na ng'ombe wakachukua nafasi. Hakuna mtu aliyezitunza kwa ajili ya ndege. Zimebaki kwa bahati, na kitu kilichobaki kwa bahati huondoka siku bei ya alizeti ikipanda.

Ndiyo maana nakataa kuungana na wanaosema ng'ombe ndio adui. Kondoa tuliyaona hayo. Mradi wa hifadhi ya ardhi wa HADO ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye eneo lililoliwa na mmomonyoko. Majani yalirudi, ni kweli. Lakini muulize mtu wa Kondoa mwenye umri wa mama yangu siku ile ilikuwaje kuwahamisha ng'ombe, halafu unyamaze umsikilize. Tena kwa ndege wenyewe jambo si rahisi hivyo. Tandawala anataka majani mafupi, aone mbali. Tombo anataka marefu, asionekane. Mchungaji anayehama na mifugo yake anatengeneza yote mawili bila kujua; mkulima anayelima hadi mpakani hatengenezi hata moja, na mtu anayejenga uzio na kulifungia bonde miaka kumi anapata vichaka.

*

Tandawala mkubwa ndiye anayenikosesha usingizi. Dume lake linaweza kufika kilo 18, ni mmoja wa ndege wazito kabisa duniani wanaoweza kuruka. Umeshamwona: anatembea kama mzee aliyevaa koti wakati wa joto, hana haraka. Jike linataga chini kabisa, udongoni, mayai mawili kwa kawaida, linaatamia peke yake kwa siku kama 23. Kimataifa ameorodheshwa kuwa karibu na hatari ya kutoweka. Karani tamba, jirani yake wa majani, yule mwenye miguu mirefu anayepiga nyoka mateke, tangu mwaka 2020 yuko kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka.

Sisemi tandawala wetu wamefika walikofika wale wa Illinois. Bado sijaona hilo kwenye vichupa vyangu, na wanaruka, uzio hauwazuii. Kinachowazuia ni kukosa pa kutua, na nyaya za umeme, ambazo ndege mzito hana wepesi wa kuzikwepa. Ninachosema ni kwamba njia tunayotumia kujua kama wapo salama ni mbovu. Tunahesabu. Tunapanda gari, tunapita barabara ile ile, tunaandika: tandawala wanne. Mwaka unaofuata: wanne. Tunaandika kwenye ripoti kwamba idadi haijabadilika, na kila mtu anafurahi. Lakini tandawala anaishi miaka mingi. Wale wanne wanaweza kuwa ni wale wale, wanazeeka mbele yetu, kila mwaka wanataga na kila mwaka mayai yanaviza, na daftari litaendelea kusema wanne hadi asubuhi moja litakaposema hakuna.

Kwelea hana shida hii. Anafuata mvua, anazaa huku, akimaliza anahamia mvua ilikokwenda anazaa tena, na waliopima vinasaba vya kwelea kusini mwa Afrika walikuta wamechanganyikana kiasi kwamba huwezi kusema hili ni kundi la huku na lile la kule. Wana mabilioni na wanabadilisha majogoo bila kufundishwa. Lakini wingi peke yake haukumsaidia njiwa msafiri wa Marekani, ambaye karne ya 19 alikuwa mabilioni vile vile. Wa mwisho alikufa kwenye bustani ya wanyama ya Cincinnati mwaka 1914. Huwa nakumbuka hilo nikiwa dunguni. Kisha narusha jiwe.

Huko huko Marekani na Kanada, hesabu iliyochapishwa mwaka 2019 ilionyesha kwamba tangu mwaka 1970 ndege wa nyasi wamepungua kwa zaidi ya nusu, kuliko ndege wa mazingira mengine yoyote. Waliweza kusema hivyo kwa sababu maelfu ya watu wa kawaida wamekuwa wakihesabu ndege kila mwaka kwa miongo. Sisi tuna maelfu ya watoto wanaoshinda dunguni macho yakiwa angani, na hakuna aliyewahi kuwauliza kitu.

*

Mwaka juzi kijana mchungaji alinisimamisha. "Dada, yule ndege wako mkubwa ametaga kule kwenye njia ya ng'ombe." Tukaenda. Mayai mawili, rangi ya udongo, yamewekwa juu ya ardhi tupu kama kitu kilichosahaulika. Jike limesimama mita mia moja, linajifanya halituoni. Mkono wangu uliwasha. Nilikuwa na tochi mfukoni, ningeyainua mara moja tu, nimulike, nijue. Sikugusa. Ukimkurupusha tandawala kiotani anaweza asirudi, na hapo mimi ndiye ningekuwa nimeyaviza. Tulimwomba kijana apitishe ng'ombe wake upande wa pili kwa wiki tatu. Akakubali, akaomba vocha ya simu.

Tuliporudi kulikuwa na maganda ya yai moja, na yai moja zima, baridi. Kibali changu kinaruhusu kuchukua mayai yaliyoachwa. Nililifunga kwenye kitambaa, nikalipakata kwenye basi dogo hadi mjini, nikiomba dereva aone mashimo mapema. Maabara tulilifungua. Harufu, ndiyo. Hakukuwa na kiinitete ninachoweza kukuonyesha. Yai moja halithibitishi kitu: labda joto, labda jike lilikaa mbali mno siku ng'ombe walipopita. Nimeliandika, namba moja, na nafasi tupu chini yake kwa ajili ya mengine.

Jioni nikampigia mama, maana ndivyo ninavyofanya nikiwa sina mtu wa kumweleza.

"Limeviza?" akauliza.

"Limeviza."

"Na baba yake ni nani?"

Nikamwambia hicho ndicho ninachokitafuta.

"Haya. Sasa ukija mwisho wa mwezi, niletee jogoo. Wa huku wamekwisha, wote ni wa yule mmoja. Usininunulie wale weupe wa mjini. Tafuta wa kienyeji, wa watu tusiojuana nao."

Nilimpata Hogoro, kwa mzee mmoja aliyeniuliza maswali mengi kuliko aliyeniuzia kiwanja. Wa kijivu, shingo tupu, mbaya sana. Kondakta alitaka nauli yake ya mzigo, elfu mbili. Nikamwambia huyu si mzigo. Akatoa macho, akamtazama, akasema basi akae kwenye siti alipe nauli nzima. Nikalipa elfu mbili.